Kumgeuzia Mjomba Kurasa

Chini ya meza ninayoandikia kuna vipande thelathini na viwili vya mbao, vimepangwa kama meno ya kitana. Ni vya mvule, vimelainika katikati kwa kukanyagwa, na kila kimoja kina springi inayokirudisha juu ukiondoa mguu. Havitoi sauti isipokuwa ile ya mti kugonga mti. Mama ameniambia mara tatu niviondoe. "Mwanangu, vitu vya maiti haviwekwi hivyo," husema, na mimi humjibu nitaviondoa, inshallah, Ijumaa ikipita. Ijumaa nyingi zimepita.

Sababu ya kutoviondoa ni kwamba navisikia. Saa kumi alasiri, saa aliyokuwa mjomba akianza mazoezi, vinagonga. Najua ni joto. Mbao hupanuka na kusinyaa, na fundi aliyevitengeneza ameniapia hivyo. Lakini mbao zikisinyaa hazina mpangilio, na ninachokisikia mimi kina mpangilio: kisigino, kidole, kisigino, kidole, kisha kimya kirefu mahali pale pale ambapo ukurasa ulipaswa kugeuzwa.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mpiga kinanda. Sisemi kile kinanda kidogo cha kwaya kinachobebwa mkononi kama sanduku. Nasema kinanda cha mabomba, kinachojaza ukuta mzima wa kanisa kubwa, chenye mabomba mengine marefu kama mnazi na mengine mafupi kuliko kalamu, kinachochezwa kwa mikono miwili na miguu miwili. Alizaliwa Mkongani, nyumba ya wakulima wa mahindi na mihogo, akajifunzia kwenye kinanda kibovu cha shule ya misheni ambacho ulilazimika kukipepea kwa miguu ili kipate pumzi. Panya walikuwa wamekula ngozi ya mifuko ya hewa, alituambia, kwa hiyo kila nota ilianza kwa mkoromo. Kutoka kwenye mkoromo huo akaenda ng'ambo kusoma, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakurudi isipokuwa kwa misiba.

Mama aliolewa Bodo, akasilimu, nami nikakulia huko kwenye mikoko. Mjomba nilimjua kwa kadi alizotuma. Kila kadi ilikuwa na picha ya kinanda alichokicheza, na mimi kwa miaka mingi nilidhani ni picha za majumba ya watu, nikijiuliza milango yake iko wapi.

Aliporudi moja kwa moja alipanga nyumba Bongwe. Tulikwenda kumpokea, mimi na mama. Alikuwa na sanduku moja la nguo, maboksi mawili ya karatasi za nota, na jozi mbili za viatu vyeusi alivyovifunga ndani ya leso. Mama akavishika, akavigeuza. Soli zilikuwa nyembamba kama ngozi ya ngoma, tena safi.

"Kaka, hivi vipya?"

"Vina miaka kumi na tisa."

"Miaka kumi na tisa, na hata vumbi hakuna?"

"Havijakanyaga nje hata siku moja. Mpiga kinanda haendi barabarani na viatu vya kazi. Mchanga ukiingia kwenye soli, mguu hausikii tena."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Alaa! Sisi viatu tunavivua mlangoni, wewe ndiyo unavivaa mlangoni."

"Adabu ni ile ile, dada. Ni mlango tu umebadilika."

Alikuwa mwembamba, mtaratibu wa maneno, bado akisema Kiswahili cha zamani cha watu wa huku, kama nguo nzuri iliyokunjwa kabatini miaka yote isipauke. Kitu kimoja tu kilikuwa kigeni. Kichwa chake kilikuwa kikiitikia. Ulipozungumza naye kiliitikia. Uliponyamaza pia kiliitikia, kidogo kidogo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kana kwamba kuna mtu mwingine chumbani anayemweleza jambo refu. Siku ile ya kwanza nilifurahi. Nilifikiri amependezwa na kila neno langu.

Kinanda hakuwa nacho. Alizunguka hoteli mbili tatu za Diani, na meneja mmoja kijana akamwuliza kama anaweza kupiga nyimbo za siku ya kuzaliwa wakati wa chakula. Alipotusimulia hakuwa na hasira. "Nikamwambia naweza," alisema, "lakini nitahitaji dari la futi sitini." Ndipo alipokwenda kwa fundi wa vitanda, Ukunda, na mchoro aliouchora kwa rula. Nilikuwapo. Fundi aliutazama mchoro kwa kuugeuza pande zote nne.

"Mzee, mimi nimetengeneza chaga maisha yangu yote. Hizi fupi, tena zimeachana. Atakayelala hapa atatumbukia."

"Hazilaliwi, fundi. Zinachezwa."

"Zinachezwa?"

"Kwa miguu."

Fundi alinitazama mimi, akamtazama mjomba, ambaye kichwa chake kilikuwa kikiendelea na ndiyo zake. "Haya," akasema. "Mimi nilishatengeneza kitanda cha bwana mwenye wake wanne. Na hii nitaiweza."

Ndivyo kanyagio zilivyopatikana. Mjomba aliziweka chini ya meza ya kulia chakula, na juu ya meza akabandika karatasi aliyoichora vitufe, safu mbili, vyeupe na vyeusi. Kila alasiri alifungua leso, akavaa viatu mlangoni pa sebule, akakaa, akacheza saa mbili bila sauti. Ukipita nje ulisikia miguu tu. Jirani mmoja, mama mtu mwema kabisa, alituletea ubani bila kueleza wa nini. Adhana ya alasiri ilipoanza alikuwa akisimamisha mikono hewani, akingoja mpaka iishe, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Nilimwuliza kwa nini anasimama ilhali hasumbui mtu. Akaniambia, "Mwenzio akisema, husemi juu yake. Hata kama wewe ni bubu."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya kufundisha ili niandike riwaya yangu. Nilihamia kwake kwa sababu nyumba ilikuwa na kimya na chumba cha nyuma. Nilikuwa na moto wa kuandika ambao sasa nikiutazama kwa nyuma unanitia haya: kila nilichokiona nilikitafutia sentensi. Niliona mwanamke anapeta mchele, nikatafuta sentensi. Niliona jeneza, nikatafuta sentensi. Na mjomba alikuwa mgodi.

Alikuwa na daftari la jalada gumu alimoandika kila alichowahi kukicheza mbele ya watu. Vipande vile vilikuwa na majina yao marefu ya lugha za wenyewe, lakini yeye humo ndani aliviita kwa majina ya kwao. Kulikuwa na Mvua ya Mkongani, kilichoanza kwa nota moja moja na kuishia kwa ngurumo. Kulikuwa na Majirani Wagomvi, mkono wa kulia ukiufokea wa kushoto. Kulikuwa na Miguu Mitupu, kilichochezwa kwa miguu peke yake, mikono imeshika kiti. Na kulikuwa na Ngazi, kirefu kuliko vyote, ambacho alisema kinapanda, kinapanda, na unapodhani umefika darini unakuta mlango na ngazi nyingine. Mbele ya kila kipande aliandika mji na kuweka alama ya vema. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka baada ya miaka, vema, vema, vema. Mstari wa mwisho kabisa wa daftari ulikuwa Ngazi. Hapakuwa na vema. Palikuwa na maneno mawili: ukurasa ishirini.

Alinieleza siku moja tukila muhogo wa nazi. Katika onyesho lake la mwisho ng'ambo, ukumbi umejaa, alikuwa na mtu wa kumgeuzia kurasa, kama kawaida. Mpiga kinanda ana mikono miwili na miguu miwili na yote ina kazi. Hawezi kugeuza mwenyewe. Mgeuzaji hukaa upande wa kushoto, husimama ukurasa ukikaribia kuisha, hushika pembe ya juu ya karatasi, na hungoja. Hageuzi kwa macho yake. Hungoja mpigaji aitikie kwa kichwa, mara moja, ndipo ageuze. Ndiyo sheria, dunia nzima.

"Na usiku ule kichwa kikaitikia chenyewe," alisema.

Mgeuzaji akageuza mapema. Mjomba akaruka kwa kumbukumbu, akaendelea. Kichwa kikaitikia tena. Ukurasa ukageuka tena. Kwenye ukurasa wa ishirini alipotea, akasimama, akainamia watu, akatoka. Hakuna aliyemwita tena kucheza.

"Nimecheza vipande mia na kitu," aliniambia. "Vyote vimeondoka, vimekwenda zao. Hiki hakijaondoka. Nikilala kinaanza, kinapanda, kinafika ishirini, kinanyamaza. Mpwa wangu, kitu ulichokianzisha na hukukimaliza kinakaa nawe kama mgeni uliyemsimamisha mlangoni. Haingii, haendi. Nataka nikicheze mpaka mwisho mara moja tu. Hata wakisikiliza watu watatu."

Daktari aliyekuwa akimwona Msambweni alikuwa amemwambia wazi kwamba mtetemo utashuka: leo kichwa, kesho mikono. Hakusema kesho ni lini.

Kinanda kilipatikana Ukunda, katika kanisa moja. Mzungu mstaafu aliyehama Diani alikuwa amewaachia kinanda cha umeme chenye safu mbili na kanyagio kamili, na hapakuwa na mtu wa kukikalia. Padri alisema mjomba aje siku yoyote. Kilichobaki kilikuwa mgeuzaji.

Binamu yangu, kijana wa Ukunda anayepeleka watalii kuzamia, alikuwa na jibu lake. "Uncle, si uchukue tableti? Kuna za kugeuza page na mguu. Unakanyaga tu, imeenda!"

"Mguu upi, mwanangu?" mjomba alimwuliza kwa upole. "Nionyeshe usio na kazi."

Kwa hiyo nikawa mimi. Sikujua kusoma nota, na yeye alisema ni bora, kwani anayejua kusoma hukimbilia macho yake. Alinifundisha jambo moja kwa miezi minne. Kichwa cha ugonjwa kinaitikia kikiwa na pumzi ile ile. Kichwa chake yeye, kabla ya kuitikia, kinavuta pumzi. Mabega yanapanda kidogo, pua zinapanuka, ndipo kidevu kinashuka. "Usitazame kichwa," alisema. "Kichwa changu kimekuwa mwongo. Nitazame ninavyovuta pumzi."

Tulifanya mazoezi pale mezani, yeye bila sauti, mimi nimesimama na pembe ya karatasi vidoleni. Nilikosea mara nyingi. Kisha nikaacha kukosea. Ilifika wakati nikawa naisikia pumzi yake hata nikiwa chumba cha nyuma naandika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne alasiri. Tulingoja adhana iishe, kisha mjomba akavaa viatu vyake kwenye mlango wa kanisa, mkono mmoja begani mwangu. Walikuwapo padri, fundi wa vitanda aliyevaa kanzu ya Ijumaa, na mama, ambaye alikaa benchi la mwisho kabisa na buibui lake, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja zamu hospitali. Aliniambia baadaye alikuwa akimsomea kaka yake dua tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba Mungu hachagui jengo.

Alicheza Mvua ya Mkongani kwanza. Sijui nisemeje. Kwa miezi minne nilikuwa nimeona vidole vinagusa karatasi na miguu inagonga mbao, na sasa kila mguso ukawa na sauti, na sauti ile ilitoka sakafuni, ikapita kwenye nyayo zangu. Padri aliacha mdomo wazi. Kisha mjomba akafungua Ngazi.

Nilisimama. Niligeuza ukurasa wa pili, wa nne, wa sita. Kichwa kilikuwa kikiitikia muda wote, ndiyo, ndiyo, nami sikukijali, nilitazama mabega. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na nane. Tukafika ishirini na nikaona jasho likimtiririka shingoni, na tukapita ishirini. Tukapita! Uso wake ulifunguka. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa amebeba mzigo kichwani kutoka mbali na sasa anauona uzio wa nyumbani.

Na hapo ndipo nilipokosea. Nimeandika jambo hili mara nyingi na kulifuta, kwa hiyo niliseme waziwazi. Nilipouona uso ule niliacha kutazama pumzi. Nilianza kuutafutia sentensi. Nilikuwa nimeshapata nusu yake, ile ya mzigo na uzio, nilikuwa naigeuzageuza akilini nione kama ni nzuri, na kidevu kikashuka, na mkono wangu ukageuza.

Ilibaki mistari miwili ukurasa uishe. Ulikuwa ukurasa wa ishirini na mbili, na kipande kina kurasa ishirini na nne.

Mjomba aliendelea kwa kumbukumbu, kidogo. Kisha mikono ikainuka, ikabaki hewani kama wakati wa adhana. Mguu wake wa kushoto haukuinuka. Kinanda si kama ngoma. Ukishikilia, sauti haifi. Nota ile moja ya chini iliendelea, nene, sawasawa, ikijaza kanisa, ikitetemesha kioo kilicholegea dirishani. Sijui ilidumu kiasi gani. Naisikia hadi leo. Nikiwa sokoni, jenereta ya bucha inaanza, naisikia humo.

Kisha aliinua mguu.

Fundi wa vitanda akapiga makofi. Alidhani ndiyo mwisho. Alipiga kwa nguvu, peke yake, akisimama, "Mashallah, mzee! Mashallah!" na mjomba aligeuka akamshukuru kwa heshima zote, mkono kifuani.

Njiani hakunilaumu. "Uligeuza ulivyoambiwa," alisema. "Kichwa ndicho kilichosema uongo." Nilikuwa na nafasi pale ya kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo nikamwuliza kama anataka maji.

Tulipanga kurudi kanisani baada ya wiki mbili. Kabla ya wiki mbili kesho ya daktari ikafika. Mkono wa kulia ulianza, kisha wa kushoto. Kijiko kilimshinda. Mama alihama Bodo akaja kumlisha, naye akawa anamtania, "Dada, uliwahi kunilisha mchanga tukiwa watoto, leo unalipa." Saa kumi aliomba aketishwe mezani hata hivyo. Mikono ilitambaa juu ya karatasi ya vitufe kama vitu vya mtu mwingine. Lakini chini miguu iligonga.

Ilikuwa siku moja kama hizo, mvua za masika zimeanza, mama yuko jikoni anakuna nazi. Mjomba alisema, "Leta Ngazi."

"Mjomba, mikono—"

"Leta."

Nilimvalisha viatu. Nikaweka karatasi, nikasimama kushoto kwake. Kichwa kilikuwa kinaitikia kwa nguvu sasa, na pumzi imekuwa fupi, inakatikakatika, hapakuwa na njia ya kujua ipi ni yake. Nikaona sitaweza. Na nilipoinamisha macho kwa aibu, nikaiona miguu.

Haikuwa ikitetemeka.

Ilikuwa inatembea juu ya mvule ule kama watu wawili wanaoijua njia, na kila ukurasa ulipokaribia kwisha, mguu wa kushoto ulirudi nyuma kidogo, kisigino kikainuka, kikangoja, kisha kikashuka. Kila ukurasa. Miezi minne nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka hapo na sikuwahi kutazama chini. Nadhani naye hakujua. Niligeuza kwa kisigino. Nane, kumi na nne, ishirini. Ishirini na mbili: mikono yake ilikuwa imeshaanguka mapajani, lakini miguu ilipanda, na mimi niliishika pembe ya karatasi mpaka vidole vikauma, na wala sikutafuta sentensi yoyote, na kisigino kikashuka, nikageuza. Ishirini na nne. Miguu ikakutana katikati, ikakanyaga mbao mbili kwa pamoja, ikashikilia. Nje mvua, jikoni mbuzi ya nazi, na miguu imeshikilia. Kisha ikaachia, na springi zikazirudisha mbao juu, moja, na nyingine.

Nililichukua daftari rafuni, nikalifungua kwenye mstari wa mwisho, nikamwekea kalamu kidoleni na kushika mkono wake ili aweke vema. Aliuondoa mkono.

"Umesikia?" aliniuliza.

Nilikuwa nimesikia mti ukigonga mti. Nilikuwa shahidi wake pekee, na kitu nilichokishuhudia sikukisikia hata nota moja.

"Nimesikia, mjomba," nikasema. "Chote. Mpaka mwisho."

Alinitazama. Kichwa chake kiliitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mimi, kwa kuogopa, sikutazama kama alivuta pumzi.